Mlango wa Injini katika Mashua ya Mbao

Fundi aundaye mashua ya mbao ufukoni mwa Butimba, kusini ya mji wa Mwanza, hafanyi kazi yake kwa kubahatisha. Hulaza mkuku, akasimamisha mataruma kwa kuyapima kwa jicho na kwa kamba, akavika mbao, akatia kalafati ya pamba katika mianya, na chombo chake kishushwapo majini huelea wima kama alivyokusudia. Ujuzi huo ni wa vizazi vingi, na hapana mhandisi mwenye haki ya kuudharau. Lakini utaratibu huo wa kazi ulipangwa zamani, wakati vyombo vilipokwenda kwa kasia na tanga, na injini haina zamu yake ndani yake. Basi injini huletwa mwisho, sitaha ya nyuma hukatwa ili ipate kuingia, na tundu lililobaki hufunikwa kwa vipande vya mbao vilivyosalia. Vipande hivyo ndivyo viitwavyo mlango wa injini. Katika ziwa kama Victoria ni hapo, pengine kuliko mahali pengine po pote chomboni, ambapo usalama wa watu na mali huamuliwa; na kwa sababu hiyo mlango huo wastahili kuchorwa kabla mkuku haujalazwa.

Mashua nyingi za uvuvi katika Ghuba ya Mwanza hazihusiki na shauri hili. Hizo huendeshwa kwa injini ya kutundika nyuma, nje ya chombo, ambayo huweza kuvuliwa na kubebwa begani hadi nyumbani. Zinazohusika ni mashua kubwa zaidi, za mita nane, kumi au kumi na mbili, zichukuazo magunia, abiria, au samaki waliolazwa katika barafu kutoka visiwani, na ambazo wenyewe wamechagua injini ya dizeli ikaayo ndani. Uchaguzi huo una sababu nzuri. Injini ya dizeli hula mafuta machache kuliko ya petroli kwa kazi ile ile, na ile ya silinda moja au mbili, ya jamaa moja na zile zizungushazo mashine za kusaga nafaka, haimshindi makanika wa mtaani. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi. Hushuka ngamani kama maji na kulala huko ukingojea cheche. Dizeli haina tabia hiyo katika joto la kawaida.

Watu hudhani kwamba kazi ya mlango wa injini ni moja tu, yaani kuzuia maji yasiingie. Kwa hakika una kazi kadhaa, na shida ni kwamba kazi hizo hupingana. Hapana budi uzuie maji, nao usiinyime injini hewa. Uwe mkubwa kiasi cha kuitoa injini nzima, nao usiudhoofishe mwili wa chombo. Ufungike barabara katika dhoruba, nao ufunguke upesi katika dhoruba ile ile. Kamusi za Kiswahili zinalo neno falka kwa mlango wa sitahani uelekeao chini, lakini falka ya jahazi la tanga ilihudumia shehena, na shehena haivuti pumzi wala haipatwi na homa.

Suala la pumzi ndilo lisahauliwalo zaidi. Ichukuliwe injini yenye ujazo wa lita moja, izungukayo mara 2,000 kwa dakika. Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo hiyo yatajwa hunywa lita 1,000 kila dakika, yaani mita moja ya ujazo. Chumba chake, katika mashua ya mita tisa, kikiwa na mita mbili za ujazo ni kikubwa cha kutosha. Maana yake ni kwamba injini hiyo ingekimaliza chumba kizima kwa muda wa dakika mbili kama hewa nyingine isingeingia. Bila shaka huingia, kwa kunyonywa katika nyufa, lakini huingia kwa taabu. Juu ya hayo, Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi. Chumba kikifungwa na joto likapanda toka nyuzi 27 hadi 60, hewa hutanuka na kupungua uzito kwa sehemu nyingine moja katika kumi. Hasara hizo mbili zikijumlishwa, injini imekwisha kunyimwa karibu moja ya tano ya pumzi iliyokadiriwa na kiwanda. Hutoa moshi mweusi, hupoteza nguvu, hula dizeli bure na kupata joto kupita kiasi. Mwenye mashua hulaumu pampu, hulaumu mafuta ya kituoni, hununua nozeli mpya, na kumbe kosa liko kwenye mbao zilizo juu ya kichwa cha injini.

Dawa si kuuacha mlango wazi, kama ifanywavyo mara nyingi. Hewa ipewe njia yake: bomba moja lishuke hadi karibu na ngama, na jingine lianzie juu kabisa ya chumba, upande wa pili, ili hewa ya moto itoke yenyewe kama itokavyo jikoni. Midomo ya mabomba hayo ikunjwe kuelekea chini na iwe juu kuliko kimo ambacho wimbi hufikia. Kazi hiyo ikiisha, mlango huwa huru kufanya kazi yake ya kufunga.

Maji nayo yana hesabu yake. Tundu la sentimita 90 kwa 70 ni la kadiri kwa injini ya namna hiyo. Wimbi likipanda sitahani na kutuama hapo kwa kina cha sentimita kumi tu, juu ya kifuniko pana lita 63 za maji, na lita 63 ni kilo 63. Zikiingia zote, uzito wake si tatizo kubwa, kwani mashua hubeba mtu mmoja zaidi bila kulalamika. Tatizo ni kwamba maji hayaketi kama mtu aketivyo. Chombo kikiinamia kushoto, maji hukimbilia kushoto na kukiongezea kuinama. Nguvu hiyo ya kupindua hutegemea zaidi upana wa maji kuliko wingi wake: upana ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Tarehe 6 Machi 1987 meli kubwa ya Kiingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka bandari ya Zeebrugge huko Ubelgiji huku milango yake ya omo ikiwa wazi. Maji yalitandaa kwenye sitaha pana ya magari, meli ikalala ubavu katika muda wa dakika chache, na watu 193 wakafa. Haikuzamishwa na tobo chini ya maji, bali na mlango. Kwa mashua ya Butimba funzo lililo karibu ni kuweka ukuta wa mbao mbele ya injini, toka ubavu hadi ubavu, ili maji yapitayo mlangoni yabaki mahali pamoja. Ukuta huo una faida ya pili kwa wachukuzi wa samaki, kwa kuwa maji ya ngamani yenye oili na dizeli yakifika kwenye sangara, barafu yote ya dunia haiwezi kumrudishia bei yake.

Pamoja na hayo yote, hatari iliyo kubwa zaidi haitokani na maji wala hewa. Yatokana na mahali mlango ulipolala. Wenye mashua wengi hupenda kifuniko kilicho sawasawa na sitaha, kwa sababu sitaha isiyo na kizuizi huchukua shehena zaidi. Na ichukuliwe safari ya kawaida. Mashua yatoka kisiwani usiku ili ifike Mwanza kabla ya soko la alfajiri. Usiku ndio wakati wa dhoruba katika ziwa hili: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, bali usiku pepo za nchi kavu hushuka toka pande zote na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu, hewa yenye unyevu ikapanda, na radi ikapiga hadi karibu na mapambazuko. Mwenye shehena ameona nyuma ya chombo pana mahali pakavu, tena tambarare, akapanga hapo magunia sita ya dagaa wakavu. Katikati ya safari chujio la dizeli laziba kwa uchafu. Injini yakohoa, yazima. Chombo kisichokwenda hakiwezi kuyaelekezea mawimbi omo yake. Hugeuka na kuyapa ubavu.

Tangu dakika hiyo makanika hahitaji elimu kubwa, kwa maana kusafisha chujio na kutoa hewa katika bomba la mafuta ni kazi ya robo saa. Anachohitaji ni kuifikia injini. Lakini magunia yaliyopangwa na watu wanne waliosimama juu ya nchi kavu, mchana, sasa lazima yahamishwe na watu wawili, gizani, juu ya sitaha iyumbayo, huku abiria wakishikana. Na kila gunia lihamishwalo halina pa kwenda isipokuwa ubavuni. Ugonjwa ulikuwa mdogo. Dawa yake ndiyo yaweza kukipindua chombo.

Kwa hiyo mlango ulio sawa na sitaha haufai katika mashua ya shehena, hata ukiwa umezibwa kwa ustadi wa namna gani. Uinuliwe juu ya kingo. Mkataba wa Kimataifa wa Mistari ya Shehena wa mwaka 1966, ambao wahusu meli za urefu wa mita 24 na zaidi, hudai kingo za milango ya shehena ziwe na kimo cha sentimita 60 kwenye sitaha kuu iliyo wazi, na sentimita 45 kwenye sitaha za juu zilizo nyuma ya robo ya kwanza ya meli. Mashua ya mita tisa haimo katika sheria hiyo, lakini mawimbi hayasomi sheria, na kingo za sentimita 35 au 40 si nyingi. Hata hivyo hapo huzuka jambo ambalo mkataba haukulifikiria. Sanduku la kimo cha sentimita 40 ni kiti kizuri mno. Atakayelikalia kwanza ni nahodha mwenyewe, na baada yake magunia yatapanda tena kama kwanza.

Njia iliyo rahisi ya kulizuia hilo si tangazo la rangi nyekundu. Ni kukipa kifuniko mgongo kama wa paa la nyumba. Upana wake ukiwa sentimita 70, kila upande una 35, na mgongo ukiinuliwa sentimita 20 mteremko huwa mkali kiasi kwamba gunia halitulii juu yake chombo kikiyumba, wala mtu haketi kwa raha. Maji ya mvua na ya wimbi humwagika yenyewe pande zote mbili. Fundi awezaye kuezeka nyumba awezaye kukiunda kifuniko hicho, na mbao zake hazifiki kiasi cha kuitisha bajeti ya chombo: kingo za kulizunguka tundu zima, kwa kimo cha sentimita 40, zataka ubao wa mita za eneo 1.3 hivi.

Ukubwa wa tundu nao usikisiwe. Injini ipimwe ikiwa na gia yake, ikiwa na vichujio na bomba la moshi, kisha fito nyembamba zifungwe kuwa fremu yenye urefu, upana na kimo hicho hicho. Fremu hiyo, ambayo mtoto aweza kuibeba, ipitishwe katika tundu wakati boriti za sitaha zingali zimeshikizwa kwa misumari miwili miwili tu. Isipopita, boriti zisogezwe siku hiyo. Gharama yake ni nusu saa, wakati ambapo injini ya kilo 200 iliyokwama baada ya miaka miwili hugharimu sitaha yote. Ziongezwe sentimita tano hadi kumi kila upande kwa ajili ya mkono na spana. Boriti zilizokatwa zisiachwe zikining'inia, bali vichwa vyake vifungwe katika mihimili miwili ya urefu, kushoto na kulia mwa tundu, nayo mihimili hiyo ifungwe katika boriti nzima za mbele na nyuma. Mihimili hiyo ndiyo itakayobeba kingo, na siku ya kuitoa injini kwa miti mitatu na mnyororo ndiyo itakayobeba kila kitu.

Mbao zina mwenendo wake. Mvule au mninga ukilowa hutanuka kwa upana, wala hautanuki kwa urefu kiasi cha kuonekana. Kifuniko cha upana wa sentimita 70 kikitanuka kwa asilimia moja tu kimeongeza milimita saba, nacho, kama kimechongwa kukaa ndani ya tundu kama kizibo, hakitafunguka tena mpaka kiangazi. Heri kikae nje, kikizivika kingo kama kifuniko cha sufuria, na nafasi ya sentimita moja ibaki kila upande. Ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu ya gari huzuia maji kwa muda, lakini mpira wa namna hiyo hauvumilii oili. Hufura, hulainika, na kufikia msimu wa pili hauzibi cho chote. Pasipo mpira wa kustahimili oili, mdomo ulioshuka vizuri juu ya kingo hufaa kuliko ukanda ulioharibika. Bawaba ziwekwe upande wa omo, ili wimbi la mbele likikipiga kifuniko likifunge badala ya kukifungua. Tena litobolewe tundu dogo la sentimita tatu katika ubavu wa sanduku na kuzibwa kwa kigingi cha mti. Moto ukizuka chini, kufungua mlango ni kuupelekea hewa. Kigingi huchomolewa, mdomo wa kizima-moto huingizwa hapo, na mlango hubaki umefungwa.

Wenye mashua wana jibu, na jibu lao si la kipuuzi. Sanduku lenye mgongo hula nafasi ya magunia matatu au manne katika kila safari, na safari ni nyingi kwa mwaka. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hapana hesabu iwezayo kuifuta. Lakini nafasi hiyo haikuwa nafasi ya shehena tangu awali. Ilikuwa njia ya kuifikia injini, nayo ilikuwa ikikodishwa. Wengine husema heri injini ikae wazi kabisa, bila sitaha wala sanduku, iangaliwe muda wote. Hao wanashinda katika jambo la hewa, lakini wanashindwa katika mengine. Mvua ya ziwani humwagika moja kwa moja juu ya mtambo, na katika chombo cha abiria gurudumu lizungukalo bila kizuizi hukamata kanga au kitenge kabla mwenyewe hajajua.

MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 200 kufa, macho ya taifa yalielekea, kwa haki, kwenye wingi wa abiria na shehena. Kuhesabu watu na majaketi ya kuokolea ni kazi ambayo yapasa iendelee. Hata hivyo ukaguzi wa mashua tupu iliyofungwa gatini hausemi lo lote juu ya mlango wa injini, kwa kuwa mlango wo wote hufunguka mashua ikiwa tupu. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo ukaguzi wa vyombo ni miongoni mwa kazi zake, lingeweza kuongeza jaribio moja lisilohitaji chombo cha kupimia: mashua ikiwa imekwisha kupakiwa, tayari kuondoka, makanika aambiwe afungue mlango na kulishika chujio la dizeli kwa mkono wake. Akishindwa kufanya hivyo kwa dakika moja pasipo kuhamisha mzigo, magunia yashushwe.

Upande wa uundaji, Butimba ina majirani wa kufaa. Kusini yake tu, Nyegezi, kipo chuo cha uvuvi. Na SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, halikosi watu wajuao useremala na mitambo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limechapisha kwa miaka mingi michoro ya mashua ndogo za uvuvi, lakini mchoro wa lugha ya kigeni uliotundikwa ofisini haumfikii mtu ashikaye tezo. Kinachotakiwa ni karatasi moja ya Kiswahili, yenye picha ya sanduku, mihimili, mabomba ya hewa na kigingi, iliyojaribiwa kwanza katika mashua mbili tatu na kusahihishwa na mafundi wenyewe, kwa sababu wao ndio watakaoona upesi ni wapi mhandisi amechora kiungo kisichoundika. Vipimo viandikwe kwa futi na inchi, ambavyo ndivyo fundi avitumiavyo, na sentimita ziwekwe pembeni. Na mahali pa kwanza pa kujazwa katika karatasi hiyo, juu kabisa, pasiwe urefu wa mashua wala jina la mwenyewe, bali urefu, upana na kimo cha injini, ikiwa imepimwa pamoja na gia yake.